Alilala Wapi? Siku Tano Kwenye Mipaka ya Nairobi

Jumatatu: Utawala, Githurai, Thika, Ndakaini

Nimetoka nyumbani Utawala saa kumi na moja alfajiri nikiwa na begi moja, daftari, na chupa ya maji niliyoijaza kutoka kwenye mtungi wa lita ishirini ambao muuza maji alitusukumia jana kwa mkokoteni, maana bomba la ploti yetu halijatoa tone tangu Alhamisi. Nimekusudia kuzunguka mipaka ya Kaunti ya Nairobi kwa siku tano za likizo, nikiuliza watu wa pande zote mbili jambo moja tu: kati ya jiji hili na kaunti zinazolizunguka, nani anambeba nani?

Swali hilo limenikaa tangu mwaka 2019, nilipofanya kazi ya ukarani wa sensa katika mtaa wa Mihang'o, si mbali na ninapoishi. Tulipewa tableti na vizibao, tukafundishwa kuuliza swali ambalo nililirudia hadi likaniingia ndotoni: nani alilala katika nyumba hii usiku wa kuamkia Agosti 25? Maswali mengine yalikuwa mengi, lakini idadi ya watu wa kila kaunti ilitokana na hilo la kulala, na kwa hesabu hiyo Nairobi ikapata watu 4,397,073. Sikujua wakati ule kwamba mwaka mmoja baadaye maseneta wangegombana kwa miezi mitatu juu ya namba ambazo mimi na wenzangu tulizikusanya mlango kwa mlango, mbwa wakitubwekea.

Nilishuka Githurai kwa makusudi, ingawa matatu ilikuwa inaendelea hadi Thika. Mgeni hawezi kuona kwa macho mahali ambapo Nairobi inaishia na Kiambu inaanzia. Githurai 44 iko Nairobi na Githurai 45 iko Kiambu, na majina yenyewe yametoka kwenye nambari za mabasi. Mama mmoja anayeuza sukumawiki na vitunguu upande wa 45 aliniambia kwamba ada ya soko anailipa Kiambu, mtoto wake anasoma shule ya upande wa Nairobi, na akiugua hutibiwa kwenye zahanati atakayoikuta na foleni fupi, iwe ya gavana huyu au yule. Nilipomuuliza anajihesabu kuwa mtu wa kaunti gani, alicheka, akanifungia vitunguu vya shilingi hamsini ambavyo sikuwa nimeviagiza, akasema, "Mimi ni wa hapa, mwalimu. Hao wa kaunti ndio wanaojua mimi ni wa nani."

Kwenye Barabara Kuu ya Thika, matatu yetu ilikwenda upesi kwa sababu tulikuwa tunaikimbia Nairobi, ilhali upande wa pili magari yalikuwa yamesimama kama ukuta kuanzia Ruiru. Kiambu ilihesabiwa kuwa na watu 2,417,735, na sehemu kubwa ya hao walikuwa mbele ya macho yangu asubuhi hiyo, wakielekea kutwa nzima katika jiji ambalo halikuwahesabu.

Thika nilibadilisha gari, nikaelekea Gatura, na kutoka hapo nikapanda bodaboda hadi Ndakaini kupitia mashamba ya majani chai. Nimelala katika chumba cha kupanga chenye blanketi tatu, na zote tatu zimehitajika.

Jumanne: Ndakaini

Bwawa la Ndakaini lilikamilika mwaka 1994 na lina uwezo wa kushika maji mita za ujazo milioni 70. Maji ya mto Thika na vijito vyake hukusanyika hapa, yakaenda Ng'ethu kusafishwa, yakateremka hadi matangi ya Gigiri, na kutoka huko yakasambazwa katika mitaa ya Nairobi. Inasemwa siku zote kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji ya jiji hutoka hapa, na mtu akisimama ukingoni asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji na kimya kikiwa kimetanda, anaelewa ni kwa nini kila kiangazi wakazi wa Nairobi husoma habari za kina cha Ndakaini kama wanavyosoma habari za mshahara.

Mzee aliyenipeleka kuliona alikuwa kijana wa makamo serikali ilipochukua ardhi ya bwawa. Alinionyesha kwa fimbo yake mahali ilipokuwa shamba la baba yake, na fimbo ilikuwa inaelekea katikati ya maji. Walilipwa, alisema, na wala hakutaka kuzungumzia kiasi. Kilichomkera ni kitu kingine. Tulipokuwa tukipanda kurudi kijijini tulikutana na mama mmoja mwenye umri wa kutosha kuwa bibi, amebeba mtungi mgongoni, kamba yake ameipitisha kwenye paji la uso kwa namna ya akina mama wa huku, shingo imekaza na macho yanatazama hatua moja mbele tu. Alikuwa ametoka kuchota chemchemini. Nyuma yake, chini ya kilima, bwawa lilikuwa linang'aa kama bati jipya.

"Mwalimu," mzee aliniambia baada ya kumsalimu yule mama na kumpisha njiani, "maji haya ukiyafungulia kwako Nairobi, unamlipa nani?"

Nikamjibu kwamba nailipa kampuni ya maji ya jiji.

"Na mimi ninayeyachungulia kila siku, ananilipa nani?"

Sheria haiko upande wa mzee, na nadhani analijua hilo kuliko anavyokubali. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema kwamba rasilimali zote za maji ni za taifa, zikishikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya wananchi, na kwa hiyo Murang'a haiwezi kuyauza maji ya mito yake kama mtu anavyouza maziwa ya ng'ombe wake. Gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, Mwangi wa Iria, alidai hadharani kwamba Murang'a ipewe asilimia 25 ya mapato yatokanayo na maji yanayokwenda Nairobi. Muswada wa kugawana manufaa ya maliasili nao umefikishwa katika Seneti zaidi ya mara moja. Mzee wangu hajaona hata sumni.

Malalamiko yalizidi pale lilipokuja handaki la kaskazini, lenye urefu wa kilomita 11.8, lililochimbwa kuanzia mwaka 2015 ili kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini, na ambalo lilipozinduliwa mwaka 2022 lilitarajiwa kuiongezea Nairobi lita milioni 140 kwa siku. Wahusika walisisitiza kwamba yatakayochukuliwa ni maji ya mafuriko tu, yaani yale ambayo yangepotea bure msimu wa mvua. Wakulima walio chini ya mito hiyo waliuliza ni nani atakayekaa mlimani na kipimo kuamua maji yapi ni ya mafuriko na yapi ni ya mto. Kwangu mimi, mwenye bomba kavu, swali hilo lilikuwa zito kulijibu, kwa sababu nilijikuta natamani wapimaji wawe wakarimu.

Haifai, hata hivyo, kumfanya mtu wa Nairobi awe mwizi wa hadithi. Dereva kijana wa lori la majani chai, ambaye alitupa lifti hadi sokoni, alimkatiza mzee kwa heshima, akimwita guka, yaani babu, akasema, "Lakini guka, watoto wa kijiji hiki wote wako wapi? Si wako huko Nairobi wanakunywa hayo maji?" Mzee hakujibu mara moja. Wanawe wanne wanaishi Kasarani na Ruiru, na kila mwezi fedha za dawa zake hutumwa kutoka huko.

Usiku, nikiwa chini ya blanketi zangu tatu, nimefanya hesabu kwa kalamu. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa kaunti zote kutoka serikali kuu ulikuwa shilingi bilioni 370, na Nairobi ilipata takriban bilioni 19.25, kiasi kikubwa kuliko kaunti nyingine yoyote. Ukiigawa kwa watu waliohesabiwa mwaka 2019, kila mkazi wa Nairobi anapata kama shilingi 4,380. Kiambu, iliyopata bilioni 11.7, inafika kama 4,850. Murang'a, yenye watu 1,056,640 na mgao wa bilioni 7.18, kila mmoja ana karibu 6,800. Lamu, iliyopata kiasi kidogo kuliko kaunti zote, yaani bilioni 3.1, ina watu 143,920 tu, kwa hiyo kila mmoja wao anaangukiwa na zaidi ya 21,000. Mtu wa Nairobi akiziona namba hizi hulalamika kwamba jiji linalotoa zaidi ya robo ya pato la taifa linarudishiwa makombo. Mtu wa Lamu naye atamuuliza kama amewahi kumpeleka mjamzito hospitalini kwa mashua.

Hapo ndipo ugomvi wa mwaka 2020 ulipokuwa. Fomula ya kwanza ya kugawa fedha iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na nidhamu ya fedha 2. Fomula ya tatu ilipopendekezwa, kaunti zenye watu wengi zilionekana zitaongezewa na kaunti kame zenye eneo kubwa zitapunguziwa, na siasa ikapata wimbo wake: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Upande wa pili ulijibu kwamba barabara ya Marsabit haifupiki kwa sababu wanaoipita ni wachache. Kikao kiliahirishwa baada ya kikao. Maseneta watatu walikamatwa siku moja ya Agosti. Hatimaye, tarehe 17 Septemba 2020, waliafikiana kwa njia ambayo kila familia yenye ugomvi wa urithi ingeitamani, yaani chungu kiliongezwa kutoka bilioni 316.5 hadi 370 ili asiwepo wa kupunguziwa.

Jumatano: Mlolongo na Mavoko

Nimerudi Nairobi mapema na kuipita bila kushuka, nikaingia Barabara ya Mombasa. Mlolongo uliitwa hivyo kwa sababu ya malori yaliyokuwa yakipanga foleni kwenye mizani, na ingawa mji umemea maghorofa pande zote, jina bado linaufaa.

Nilitaka kuanza na ardhi ya makaburi. Makaburi ya Lang'ata yalipoelekea kujaa, lililokuwa Baraza la Jiji la Nairobi lilitafuta mahali pengine pa kuzikia watu wake, likapata nje ya mipaka yake, huku Mavoko, ambako ni Machakos. Ekari 120 zilinunuliwa kwa shilingi milioni 283, bei iliyoleta kesi mahakamani kwa sababu ardhi yenyewe ilisemekana kuwa na thamani ya sehemu ndogo ya fedha hizo, na juu ya hayo ikaelezwa kwamba haifai kuchimbwa makaburi kwa kuwa mwamba uko karibu. Nimesimama kandokando ya barabara ya vumbi katika eneo hilo la Athi River, nikachokonoa udongo kwa ncha ya kiatu. Ni udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunata wakati wa mvua, na chini kidogo kiatu kiligonga jiwe. Mchungaji wa mbuzi aliyekuwa akinitazama aliuliza kama ninatafuta ploti. Nilipomwambia habari ya makaburi alisikitika kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: hata yangechimbika, wao wa huku nani aliwauliza kama wanataka kuletewa wafu wa Nairobi?

Nililiandika kama alivyolisema. Katika makaratasi yote ya sakata ile, ubishi ulikuwa juu ya bei na juu ya udongo. Ni nadra kusikia ubishi juu ya haki ya jiji kwenda kuzika kwa jirani.

Mchana nilitembea upande wa viwanda. Mavoko ni manispaa ndani ya kaunti ambayo sehemu yake kubwa ni mashamba, na huu ndio ugomvi wa Nairobi na jirani zake ukiwa umekunjwa ndani ya kaunti moja. Viwanda vya saruji viko hapa, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990 liko hapa, na kodi za majengo na leseni za biashara zinakusanywa hapa. Zamani, kabla ya mwaka 2013, Mavoko ilikuwa na baraza lake la manispaa lenye madiwani, ikipata fungu lake moja kwa moja katika asilimia 5 ya kodi ya mapato iliyogawiwa mamlaka za mitaa 175 za nchi nzima. Leo manispaa inaendeshwa na bodi ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, na bajeti yake inategemea kile ambacho kaunti itaamua kuiachia. Mwenye duka la vipuri aliyenikaribisha kwenye benchi lake alilisema hivi: "Tunalipa hapa, lami inatiwa Masinga." Masinga iko mwisho mwingine kabisa wa kaunti, kukavu, na nina hakika kwamba huko nako kuna mtu kwenye benchi anayesema kwamba fedha zote huliwa na Mavoko.

Kabla ya jioni nilipita mahali ambapo Oktoba 2023 matingatinga yalibomoa mamia ya nyumba baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile, ya ekari zaidi ya elfu nne, ilikuwa mali ya kampuni moja ya saruji. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wafanyakazi wa Nairobi waliouziwa vipande na watu waliojidai kuwa na haki ya kuuza. Nyasi zimeanza kufunika vifusi, lakini katika sehemu moja sakafu ya bafu imebaki nzima, vigae vyeupe vyenye maua ya samawati, vimepangwa vizuri sana, pembe kwa pembe, na bomba la kutolea maji limechomoza katikati yake likiangalia mbinguni. Mtu aliyeviweka alikuwa na jicho la fundi, au alikuwa mwenyewe na nyumba yake, akifanya kazi Jumapili. Nilikaa pale kuliko nilivyopanga.

Alhamisi: Kitengela

Mvua imenyesha tangu alfajiri na nimeona kidogo. Bodaboda yangu ilizama matopeni mara mbili, na mara ya pili tuliisukuma watu watatu, mmoja wao akiwa mpita njia aliyevaa suti.

Kitengela ina ukweli mmoja ambao hauhitaji jua ili uonekane. Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, na miaka kumi baadaye ikawa na 1,117,840. Hawakuzaliwa wote. Walikuja kununua ploti za hamsini kwa mia, yaani futi, katika ardhi ambayo zamani ilikuwa ranchi za vikundi za Wamaasai, zilizoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1968 na baadaye kukatwakatwa. Wengi wanaamka saa kumi kwenda kazini Nairobi na kurudi usiku. Ndio hao ninaowaandika tangu Jumatatu: mchana wanatumia barabara, taa, vyoo na majalala ya Nairobi, usiku wanalala Kajiado, na sensa inawafuata usiku. Nairobi inalia kwamba inalisha watu ambao mgao wao umekwenda kwa jirani. Kajiado inalia kwamba imeletewa mji bila mabomba ya maji na bila mfereji mmoja wa majitaka, na mji huo umekaa juu ya malisho yake. Nimewasikiliza wote wawili kwa siku nne na sijaweza kumwita yeyote kati yao mwongo.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini, kwa kuwa wanyama walikuwa wakivuka mto kwenda nyanda za Kitengela na kurudi. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza. Nilimuuliza mzee mmoja wa Kimaasai, aliyekuwa amejikinga mvua kwenye kibaraza cha duka la chakula cha mifugo, kama fedha hizo zingeweza kushindana na mnunuzi wa ploti. Alinitazama kwa huruma anayopewa mwanafunzi asiye mwepesi, akasema kwamba ng'ombe hajui hamsini kwa mia, na swala hajui, lakini karo ya shule inajua.

Ijumaa: Marikiti, Dandora, nyumbani

Soko la Wakulima, ambalo hakuna mtu anayeliita hivyo kwa sababu sote tunaliita Marikiti, huamka wakati jiji likiwa katika usingizi mzito. Nilifika saa kumi usiku. Lori la ndizi kutoka Murang'a lilikuwa linashushwa, na msimamizi wa mzigo alinionyesha risiti zake kwa tochi ya simu: ushuru wa mazao aliolipa kule alikopakia, na ada ya soko atakayolipa hapa kabla hajauza mkungu mmoja. Nilimwambia kwamba nimetoka kwao, Ndakaini, na kwamba huko wanadai Nairobi inachukua maji bila kulipa. Akasema kaunti yake nayo imechukua ushuru wake bila kumtengenezea barabara ya shambani, na kwa hiyo yeye hana gavana wa kumtetea upande wowote. Kisha akapiga kelele kwamba mtu asikanyage mikungu.

Kulipopambazuka nilipanda matatu ya kwenda Dandora. Jalala la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, lina ekari 30, na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanaingia. Maganda ya ndizi za Marikiti hufika hapa, na maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye rundo hufika Mto Nairobi unaopita kando. Nilisimama kwenye daraja nikaufuata mto kwa mawazo: unateremka kupita Ruai yalipo mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji, unaungana na Athi, unaingia Machakos, unapita Makueni na Kitui, unakuwa Galana, unakuwa Sabaki, na unamwagika baharini karibu na Malindi. Kwenye njia hiyo, mpakani mwa Makueni na Kitui, ndiko linakojengwa bwawa la Thwake, ambalo tangu mwanzo limeandamwa na mjadala wa uchafu unaoteremka kutoka Nairobi. Kwa hiyo jiji langu linapokea maji safi kutoka kwa jirani wa juu na kumkabidhi jirani wa chini maji ambayo mbuzi angeyanusa na kugeuza kichwa, na hakuna fomula, ya kwanza wala ya tatu, iliyowahi kuwa na asilimia yake kwa ajili ya hilo. Fomula ya tatu ilikuwa na afya, asilimia 17. Ilikuwa na kilimo, 10. Ilikuwa na barabara, 8. Ilikuwa hata na huduma za mijini, 5. Mto haukuwamo.

Pengine haungeweza kuwamo. Seneti inagawa fedha za serikali kuu kwa kaunti, na haina mamlaka ya kuiamuru Nairobi imlipe Makueni kwa uchafu au Murang'a kwa maji. Hilo lingehitaji kaunti zenyewe ziketi na kuandikiana mkataba. Katika usafiri jambo kama hilo limejaribiwa: tangu mwaka 2017 kuna mamlaka ya usafiri inayojumuisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kaunti zilezile nilizokanyaga wiki hii. Kama matatu inaweza kuwa na meza moja ya kujadiliwa, sioni kwa nini bomba, jalala na kaburi visiwe nayo, isipokuwa kwamba kwa matatu hakuna anayelazimika kukiri kuwa amekuwa akichukua cha mwenzake.

Nimefika nyumbani saa nane mchana, nimelala kama gogo. Saa saba usiku mlio wa bomba umeniamsha. Kwanza hewa, kisha maji ya kahawia, kisha meupe yenye harufu ya klorini. Nimemgongea jirani wa chini, naye amewagongea wengine, na ngazi zimejaa watu wenye kandambili na mitungi, wakinong'ona ili wasiwaamshe watoto. Nikiwa nimeinama kukinga, nimeona tena ile kamba kwenye paji la uso la yule mama wa Ndakaini, na sikuacha kukinga. Ploti nzima tumejaza mitungi kumi na minane na karai mbili, kisha bomba likakohoa, likanyamaza.